Kona ya Cherehani: Usiguse mkasi kabla hujalitandika rundo lako chini

Mwezi huu meseji zenu karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, yani mtu ana mfuko wa vipande vya vitambaa ndani, nyumba imemchosha macho, hela ya kununua vitu vipya hakuna, afanyeje. Nimechagua tano. Naomba kabla hamjaanza mnisikilize hapa: tatizo kubwa ninaloliona ni watu kuanza na picha waliyoiona kwenye simu alafu wanalazimisha kitambaa chao kifanane na ile picha, na kitambaa hakitaki. Anza na ulichonacho, kishike, kipime, kifue, chenyewe kitakwambia kinafaa nini.

Shikamoo anti. Nimepanga chumba na sebule Mbagala, makochi nilinunua yakiwa yametumika, sasa yamefifia mno na hela ya kuyabadilisha kitambaa sina. Jirani yangu ni fundi, alinipa kiroba kizima cha vipande vya vitenge alitaka kuvichoma. Nimejaribu kushona mto wa viraka kama wa kwenye picha lakini rangi zinagombana inakuwa fujo tupu, alafu cherehani sina, nashona kwa mkono. Nianzie wapi?

Marahaba mwanangu. Anzia sakafuni. Mwaga kiroba chote kwenye mkeka, mchana kwenye mwanga, alafu tenga mafungu matatu: vikubwa kuliko ukurasa wa gazeti, vya kiganja, na vile vyembamba vya pembeni. Hivyo vyembamba rudisha kwenye kiroba vina kazi yake nitasema mbele huko. Sasa katika hayo mafungu mawili yaliyobaki utakuta kuna pamba na kuna vile vya kuteleza vya poliesta, na hapo ndo watu wengi wanaharibu kwasababu wanavichanganya kwenye mto mmoja, ukipiga pasi ya moto pamba inanyooka poliesta inajikunja au inayeyuka kabisa. Kama hujui kipi ni kipi chomoa uzi mmoja, ushike na kibano juu ya sahani ya bati mbali na pazia, uuchome: pamba inanukia kama karatasi inayoungua na jivu lake ni laini linapukutika, poliesta inayeyuka inaacha kidonge kigumu. Tenga kabisa.

Kuhusu rangi kugombana, tatizo kitenge chenyewe kina kelele tayari, ukiunganisha vitenge kumi na sita tofauti jicho halina pa kupumzika. Dawa yake ni kitambaa cha rangi moja. Shuka kuukuu, gauni la shule lililochakaa, chochote kisicho na maua, nyeusi au rangi ya maziwa au bluu iliyoiva. Kata vipande vya mraba vya sentimita 12 kwa 12, vinane vya kitenge na vinane vya hiyo rangi moja, uvipange vikibadilishana kama ubao wa drafti, nne kwa nne. Ukiacha sentimita 1 ya mshono kila upande, ukimaliza kuunga utapata uso wa 42 kwa 42, na ukishaufunga na mgongo wake unakuwa foronya ya 40 kwa 40. Katika vile vinane vya kitenge usizidishe aina tatu, nakuomba sana.

Mgongo usihangaike na zipu. Kata vipande viwili vya 42 kwa 29, kila kimoja kunja upindo upande mmoja mrefu mara mbili, sentimita moja na sentimita moja, ukivilaza juu ya uso vinapandana kama sentimita 12 katikati na mto unaingilia hapo, hautoki. Kwa mkono tumia mshono wa kurudi nyuma, yani sindano inaenda mbele inarudi nusu, usishone bandi peke yake maana bandi ni ya kushikiza tu, mtoto akikalia mto mara mbili imeachia. Pitisha bandi kwanza, alafu rudia na mshono wenyewe, alafu uchomoe bandi. Foronya moja kwa mkono itakula jioni mbili tatu. Na kitu kimoja zaidi, mto wa ndani uwe mkubwa kidogo kuliko foronya, hata sentimita 3, ndo unakaa umejaa. Kama unataka kuujaza mwenyewe na unapata sufi, weka sufi, ila foronya ya ndani iwe ya kitambaa kilichobana kufumwa la sivyo utakuwa unaokota sufi sebuleni kila asubuhi.

Asalaam aleikum anti, naandika kutoka Likoni. Mimi mwanamume lakini cherehani naijua, babangu alikuwa na yake ya kukanyaga. Nina vikoi vinne vya zamani, kila kimoja mita moja na nusu kwa mita moja hivi, nataka kuvifanya pazia. Dirisha langu lina upana wa sentimita 120 na urefu 130 na jua la jioni linapiga pale vibaya sana. Vitatosha?

Waaleikum salaam kakangu. Vinatosha na vinabaki. Pazia linataka upana mara moja na nusu mpaka mara mbili ya dirisha ndo lipate mikunjo, kwahiyo wewe unataka sentimita 180 mpaka 240, na vikoi viwili vikisimama wima vinakupa 200. Visimamishe wima kwasababu nyingine pia, matamvua ya kikoi yako kwenye zile ncha fupi, yatashuka chini yenyewe bila kuongeza chochote na ni mapambo tosha, ya juu yafunge ndani ya upindo wa kupitishia bomba la pazia. Kwanza vifue na uvianike kabla ya kukata au kukunja kitu, kama havijawahi kufuliwa vizuri vitarudi na ukishashona itakuwa imeshakuwa.

Jua sasa. Hilo litakula rangi ya kikoi bila huruma, tena kwa mistari, sehemu ya mkunjo inabaki nzito na ya nje inapauka. Weka bitana nyeupe upande wa dirishani, ishonee juu tu pamoja na kikoi, pembeni na chini iachie ining'inie yenyewe, ukiifunga pande zote halafu kitambaa kimoja kikarudi kuliko kingine pazia linajikunja kama jani kavu. Bitana iishie juu ya matamvua. Vikoi viwili vilivyobaki shonea mito ya baraza au uweke akiba, siku pazia likichakaa unacho cha kubadilisha kinachofanana.

Shikamoo anti. Mama yetu alifariki mwaka jana hapa Tanga, ameacha sanduku la khanga, nyingine hata hazijakatwa, nyingine zimechakaa. Tuko ndugu watano. Dada zangu wawili wanataka tushone vitu vya nyumbani ili kila mtu awe na kumbukumbu, mimi mkono unatetemeka nikishika mkasi. Ipo moja imeandikwa WEMA HAUOZI, alikuwa anaivaa sana mpaka imechanika. Tufanye nini?

Marahaba mwanangu, poleni sana, Mungu amlaze mama mahali pema. Barua yako nimeisoma mara nyingi na nimeiweka katikati ya ukurasa makusudi.

Mkono ukitetemeka usikate. Hilo la kwanza. Hakuna haraka, khanga ikiwa kavu na haiko juani inakaa. Zifueni taratibu kwa mkono, maji ya baridi, sabuni kidogo, kila moja peke yake mpaka maji yatoke safi, mzianike kivulini. Watu wanawaambia wekeni chumvi ishike rangi, mimi nimejaribu kwa miaka na sijaona chumvi ikishika rangi ya khanga iliyotoka kiwandani, kinachosaidia ni kuzifua kando kando na kuziepusha na jua kali.

Alafu kaeni wote watano mzitandike. Khanga inauzwa doti, vipande viwili vinavyofanana kila kitu, pindo la kuzunguka, mji yani ile sehemu ya katikati, na jina yani yale maandishi. Zile ambazo hazijakatwa bado mnazo zote mbili zimeungana, kwahiyo hapo mna nafasi nzuri sana, kipande kimoja kibaki kizima kama alivyokiacha kikunjwe kiwekwe sandukuni, cha pili ndo kishonwe. Hakuna kinachopotea. Nadhani dada zako na wewe mtakutana hapo. Zile ambazo kipo kipande kimoja tu, ulizeni kwanza, kina mama wengi wakinunua doti humpa shoga au dada kipande cha pili, huenda mama mdogo au jirani anacho na atakuwa na la kuwasimulia.

Hiyo ya Wema Hauozi ndo nimeifikiria zaidi. Kwakuwa imeshachanika, kushona kutaiokoa. Msikimbilie mto wa mraba maana jina la khanga ni refu, ukilikata kwenye mto wa 40 utabaki na neno moja na nusu. Pimeni jina lenyewe kwanza kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, ongezeni sentimita 6 kila upande, mshone mto mrefu kwa kipimo hicho, kama jina lina sentimita 48 basi mto wa 60 kwa 35, jina likae chini kidogo ya katikati kama linavyokaa kwenye khanga. Huo mto ni mmoja, na kuna watu watano, hapo muelewane wenyewe, ila mimi ningeuacha nyumba ya mama. Mji na pindo zilizobaki zigawiwe: pindo moja refu ni kitambaa kizuri sana cha kupita katikati ya meza, na mji una sehemu za kutosha foronya za wengine.

Khanga ya zamani ni nyepesi, imeisha kwa kufuliwa, ukiishona hivyo hivyo mshono wenyewe unaichana. Ilazeni juu ya kitambaa cha marekani kilichofuliwa, mshikize vyote viwili kwa bandi kila baada ya sentimita 10 hivi, ndo mkate na kushona vikiwa pamoja kama kitambaa kimoja. (Marekani ile nyeupe isiyopakwa rangi, jina lake limebaki tangu wafanyabiashara wa Marekani walipokuwa wanaileta Unguja karne ya 19, na bado ndo rafiki wa kweli wa vitambaa vilivyochoka.) Palipochanika msifiche, shoneni kuzunguka kwa uzi wa rangi ya khanga.

Angalieni pia ukingoni kabla ya kukata, kuna maandishi madogo ya kiwanda au ya mwenye mali. Mkikuta Urafiki, hicho ni kiwanda cha Ubungo kilichofunguliwa 1968, mkikuta K.H.E. Mali ya Abdulla, hiyo ni ya Mombasa. Hicho kipisi msikitupe, kishoneeni ndani ya foronya upande wa mgongo, wajukuu watakuja kuuliza.

Na wewe mwenyewe mwanangu, kama mpaka hapo mkono bado unatetemeka, chukua kipande kizima, kitundike ukutani kwa mti mwembamba uliopitishwa kwenye upindo wa juu, mbali na dirisha. Hakuna mkasi hapo.

Anti, nashona mfuko wa ukutani wa kuwekea vitu vya watoto kwa jinzi za zamani, cherehani inaruka mishono na sindano zimevunjika tatu. Fundi mmoja ameniambia mashine imekufa. Niuze?

Usiuze! Karibu kila mara ni sindano. Ile unayoshonea vitenge ni namba 14, kwa jinzi weka namba 16 ya jinzi kabisa, mpya, sio ile iliyokaa mwaka mzima. Refusha mshono kidogo, na ukifika kwenye makutano ya mishono minene zungusha gurudumu kwa mkono, usikanyage, au yagonge kwanza kwa nyundo juu ya ubao yalale. Usiuvute mfuko kutoka nyuma, kuvuta ndo kunaipinda sindano inagonga chuma. Ikiendelea kuruka baada ya hapo, ndo mtafute fundi mwingine aangalie.

Shikamoo, mimi ni mwanafunzi nakaa hosteli Dodoma, nina vipisi vyembamba vya pembeni na vingine vidogo kama vidole, sioni kazi yake. Nitupe?

Marahaba. Usitupe, na hapa namjibu na yule wa Mbagala niliyemwambia arudishe vyembamba kwenye kiroba. Vinavyozidi upana wa sentimita 4 viungane ncha kwa ncha, suka misuko mitatu kama nywele, msuko mrefu mrefu, alafu uuzungushe na kuushona pembeni kwa uzi mnene kama wanavyoshona ukili wa mkeka. Anza katikati, usiukaze, ukiukaza unainuka katikati unakuwa bakuli. Hicho ni kizulia cha kufutia miguu mlangoni, vile vya poliesta vinafaa hapa kuliko kwenye mto maana vinakauka haraka. Kama sakafu yako ni ya vigae shonea chini kipande cha mpira wa baiskeli kila kona, kisikuteleze.

Vya kama kidole vikate viwe vidogo zaidi, jazia mto wa kukalia chini. Huo utakuwa mzito kuliko wa sufi, kwahiyo usiweke kitandani, weka sakafuni pa kusomea. Ila kabla hujajaza pitisha mkono kwenye kila konzi, vipande vya kwa fundi vinakujaga na pini na ncha za sindano ndani.