Barua kwa mwanangu: njia si mali yako, maneno ni yako

Tororo

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku tu wazima. Umeniuliza kama yule mwalimu mwenzako amekuibia kitabu, kwa kuwa naye ametoa kijitabu cha Kiswahili cha darasa la tano kinachofundisha kwa mazungumzo ya sokoni kama chako. Nimevisoma vyote viwili, ukurasa kwa ukurasa.

Kufundisha lugha kwa mazungumzo, kuweka msamiati mwishoni, hata kuchagua soko badala ya hospitali, hayo hayana mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba mawazo na mbinu hazilindwi. Najua inauma, maana mbinu hiyo uliikeshea. Lakini tangu Baraza la Mawaziri liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, vitabu vinahitajika kila upande. Mbinu zingekuwa na wenyewe, wewe nawe ungezuiwa na waliokutangulia. Methali ulizoweka chini ya kurasa nazo ni za wote, usimdai.

Sasa ukurasa wa 11. Mazungumzo ya muuza matoke na mteja wake ni yako neno kwa neno. Kwako mchapaji alikosea, "kikapu" kikawa "kipaku". Kwake nako ni "kipaku"! Amebadilisha jina la mteja tu, na hakukutaja popote. Sheria inaruhusu kunukuu kwa kiasi na kumtaja mtunzi, lakini kubeba mazungumzo mazima na kuyatia kwenye kitabu cha kuuza si kunukuu. Hapo ana la kujibu.

Usihofu kwamba hukusajili. Haki yako ilianza pale ulipoandika, na itadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Usajili kule URSB, ofisi ya serikali inayosajili hakimiliki, utakuongezea ushahidi, kwa hiyo nenda tu ukasajili, na madaftari yale ya rasimu usiyatupe.

Kuna jambo moja hukulitaja, nalo ndilo linalonisumbua zaidi ya yote. Je, kitabu ulikiandika kwa kutumwa na shule, ndani ya kazi uliyoajiriwa? Ikiwa ndivyo, na mkataba hausemi vingine, mwenye hakimiliki ni shule, na wao ndio wa kudai. Wewe utabaki na haki ya kutajwa kuwa mtunzi, ambayo haiondoki. Usome mkataba huo vizuri kabla hujamlipa wakili hata shilingi.

Ukiona haki ni yako, mwandikie mwenzako kwa heshima. Mwonyeshe ukurasa wa 11 na hiyo "kipaku", mwambie ama aondoe mazungumzo hayo katika toleo lijalo, ama mkubaliane malipo na jina lako litajwe. Rasimu ya barua nitumie kwanza niisome.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako