Shida si dola za mumeo, ni marejesho yako

Mama wa watoto wawili wa Morogoro ameniandikia. Mumewe ni askari, yuko Jamhuri ya Afrika ya Kati na kikosi cha kulinda amani. Anatuma shilingi 500,000 kwa mwezi, hazitoshi. Mama anaamini mumewe analipwa dola 1,400 kwa mwezi na anazificha, tena pesa ya ujenzi wa nyumba yao inapitia kwa shemeji yake. Kila simu inaishia kwenye ugomvi.

Pole, mwanangu. Kulea peke yako mwaka mzima si kazi ndogo. Ila barua yako nimeisoma mara mbili, na mimi niko upande wa mumeo.

Hizo dola 1,400 unazompigia hesabu hazitui mkononi mwake. Kiwango cha Umoja wa Mataifa cha mwaka 2018 kilikuwa dola 1,428 kwa askari kwa mwezi, na inayolipwa ni serikali iliyotoa kikosi. Serikali ndiyo humlipa askari kwa utaratibu wake. Muulize kwa upole amepangiwa kiasi gani na kinaingia lini.

Halafu kuna mstari umeupitisha harakaharaka: "kikoba narejesha 150,000". Mumeo anaujua huo mkopo? Nahisi haujui, ungekuwa umemtaja. Kikoba ukichelewesha rejesho unapigwa faini, na faini inazaa mkopo mwingine. Pesa yenu inavujia hapo. Mficha uchi hazai.

Ndoa za siku hizi zimejaa mikopo ya siri. Mke ana wake, mume ana wake, simu zote zina namba za siri, na siku wadai wanapobisha hodi ndipo watu wanajuana.

Sasa fanya hivi. Mkopo mweleze kwa ujumbe wa sauti, usimwambie kwenye simu. Mtandao ukikatika pale uliposema "nimekopa", ataingia lindo na neno hilo kichwani usiku kucha. Kisha kila mwisho wa mwezi mtumie namba tupu, bila lawama: "Imeingia 500,000. Chakula 240,000. LUKU na maji 40,000. Nauli za watoto 60,000. Kikoba 150,000. Imebaki 10,000." Atasoma akishapumzika, atajibu akiwa ametulia. Simu ya Jumapili iwe ya watoto, pesa isitajwe labda kuna mgonjwa. Na mkubaliane kiasi, tuseme 50,000, ambacho ukipata dharura unatumia kwanza, unamweleza baadaye.

Shemeji mwache asimamie. Kuna mtu lazima ahesabu mifuko ya saruji inaposhushwa, na wewe una watoto. Risiti na picha za ukuta zije kwenu wote wawili siku ileile. Kiwanja kiandikwe majina yenu mawili. Mkishahamia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mmoja wenu kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Inamzuia yeye, inakuzuia na wewe.

Huo ujumbe wa sauti utume leo, kabla hajayasikia kwa wanakikoba wenzako.