Barua kwa mwanangu: usiku wa kuamkia Sabasaba

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma, nikavaa miwani nikausoma tena. Unasema tangu mtoto azaliwe umekuwa mtu wa kushtukashtuka: simu ikilia usiku, jiko la gesi likichelewa kushika kisha likawaka kwa kishindo, bodaboda ikimpita karibu mkamwana wangu akiwa amembeba mtoto. Tena umejaribu kuiangalia upya ile katuni ya Kijapani, Grave of the Fireflies, mtoto kakulalia kifuani, ukashindwa kuimaliza. Unaniuliza moyo unatulizwaje.

Hilo ungemuuliza baba yako. Wangu haujatulia tangu nikuzae.

Katuni yenyewe naikumbuka vizuri. Ulikuja nayo likizo ya chuo, ukaiweka kwenye laptop juu ya meza ya chakula, ukawa unanifafanulia: imetoka 1988, mji ni Kobe, mwaka ni 1945, ndege za Marekani zinamwaga mabomu ya moto. Macho yako makavu kabisa. Mimi nilianza kulia pale shangazi mtu alipoanza kuwahesabia wale yatima wali. Halafu yule kaka, Seita, akatia maji kwenye kopo la peremende lililokwisha, akalitikisa, mdogo wake Setsuko apate kunywa utamu uliobaki. Nikanyanyuka nikaenda jikoni. Ukaniuliza, "Mama, si wameshakuambia mwanzoni kwamba Seita anakufa?" Ndiyo, wameniambia mwanzoni. Na bado nilikaa pale namwombea apone. Sasa una mtoto kifuani, sina haja ya kukueleza zaidi.

Nimesema miaka yote na nasema tena: mtu asiyelizwa na la mwenziwe, usimwachie mtoto. Yule shangazi si umemwona? Kwa hiyo habari yako imenifurahisha, kwa ajili ya mjukuu wangu.

Lakini ulipotaja kushtuka usiku, mimi nimekumbuka tarehe 6 Julai 2008. Wewe ukiikumbuka unacheka. Fainali ya tenisi ya Wimbledon, Federer na Nadal. Baba yako alikuwa mtu wa Federer, aliyelichukua kombe mara tano mfululizo, na Nadal alishafungwa naye fainali mbili zilizotangulia. Wewe ukachukua upande wa Nadal, nadhani kwa kumtania baba yako tu. Mvua ikanyesha huko London, wakasimama, wakaanza, wakasimama tena. Nadal akachukua seti mbili za mwanzo, Federer akarudisha mbili. Seti ya tano imefika pabaya, umeme ukakatika Makorora nzima.

Baba yako hakusema neno. Alivaa shati juu ya msuli, akakupakia kwenye keria ya baiskeli, mkaondoka kwenda Raskazone, kwenye hoteli yenye jenereta. Gizani! Dainamo yenyewe taa yake inawaka ukikanyaga kwa nguvu, ukipunguza inafifia. Nikabaki mlangoni na chemli.

Mwanangu, mpira wa miguu ungenisaidia: dakika tisini, filimbi, najua mtarudi lini. Tenisi haina saa. Na miaka ile Wimbledon seti ya tano ilikuwa haina pa kukomea, lazima mmoja amzidi mwenziwe gemu mbili, hata wakeshe. Nilisikia kila kengele ya baiskeli iliyopita mtaani, na Tanga hii unaijua kwa baiskeli. Nikasikia lori likifunga breki kule barabarani, mlio mrefu, kisha kimya. Miguu iliisha nguvu, nikakaa chini pale pale kizingitini, chemli mkononi.

Mchezo uliisha saa tano na robo usiku kwa saa zetu, tisa kwa saba, Nadal. Mlifika karibu na saa sita. Wewe ukipiga kelele "Nadal! Nadal!" kuanzia kona ya msikiti, na baba yako anasukuma baiskeli huku machozi yanamtoka. Kwa Federer. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, hata kwenye msiba wa babu yako. Nikawawekea chakula, samaki keshapoa, sikusema kitu. Kesho yake akaanza kujitetea kwamba ilikuwa Sabasaba, hakuna shule. Kana kwamba nilikuwa nawaza shule.

Tangu siku hiyo mpaka leo, hakuna aliyeniuliza mimi nilikuwaje usiku ule.

Basi alikosea? Mtoto wa darasa la nne, giza, malori ya mkonge. Ningekuwa na wewe hapa ningesema alikosea na tungemaliza. Lakini usiku ule ndio unaousimulia kwa kila mgeni, na mwaka uliofuata uwanja ule ukawekewa paa, na seti ya tano nayo siku hizi wameitafutia mwisho, kwa hiyo hata ungetaka kumpeleka mwanao kwenye usiku wa namna ile, haupo tena. Na mimi si ndiye ninayesema mwanamume alie? Alilia, nikamnunia. Hapana, sikumnunia kwa kulia. Nilimnunia kwa lile lori. Tuyaache. Jibu ninalo, ila nikiliandika utampigia simu umsomee.

Ukishtuka usiku, amka umweke mtoto kiganja mbele ya pua usikie pumzi, urudi kulala. Mimi nilifanya hivyo mpaka ulipoanza kunisukuma mkono. Ikifika pahala huli wala hulali, hilo ni jingine, nenda kwa daktari na uniambie.

Na ukizungumza na baba yako, muulize kama alijua kwamba niko mlangoni. Usimwambie nimekutuma. Mjukuu wangu mvalishe soksi, Dodoma msimu huu ina baridi.

Mama yako