Riflekta ya baiskeli: ipige tochi kabla hujailipia

Dereva wa pikapu alishuka akitetemeka kunishinda mimi. Nilikuwa nimekaa mchangani kando ya barabara pale Kibarani, Mombasa, goti latoka damu, mikate niliyokuwa nikirudi nayo imetapakaa. "Wallahi sikukuona, ndugu yangu," akasema, akalirudia neno hilo hadi nikamwonea huruma. Nilimwamini. Ilikuwa saa moja na robo usiku, nami nimevaa shati la buluu iliyokoza.

Na riflekta nilikuwa nayo. Nyekundu, nyuma, chini ya keria. Ila kreti ya mikate ilikuwa imeteremka ikaifunika nusu, na nusu iliyobaki ilitazama lami kwa sababu madigadi ilikuwa imepinda tangu zamani. Miezi yote hiyo nilijiona nimejikinga.

Tangu hapo nimezishughulikia sana hizi riflekta, na ningependa mwenzangu unayetoka kazini baada ya maghribi uyajue haya kabla hujaangushwa. Huku kwetu jua huzama baada ya saa kumi na mbili na kabla ya saa moja, mwaka mzima, na giza haliji taratibu. Unaondoka Changamwe kungali na mwanga, ukifika Makupa ni usiku.

Kwanza tuelewane riflekta inafanya nini. Pita na tochi kwenye vichochoro vya Mji wa Kale usiku, uwamulike paka barazani: macho yanawaka. Zima tochi, paka hayupo. Husimuliwa kuwa ni kwa kuyafikiria macho hayo ndipo Mwingereza Percy Shaw alipobuni, mwaka 1934, vile vioo vinavyotiwa katikati ya barabara ili dereva aione njia usiku. Riflekta ya baiskeli ni jamaa yao. Haina mwanga wake. Ndani ya ile plastiki mna vipembe vidogo vidogo vilivyopangwa ili mwanga urudi kule kule ulikotoka, yaani kwenye gari, kwa dereva. Kioo cha kujitazamia hakifanyi hivyo. Kikiinama kidogo tu, mwanga unakwenda kwingine.

Hapo ndipo unapoijua riflekta ya kweli na plastiki inayong'aa tu. Dukani, omba uipeleke pembe yenye giza. Shika tochi ya simu kando ya jicho lako, sikioni hivi, usiishike kifuani, halafu rudi nyuma hatua kumi. Nzuri inakurukia machoni kama kaa la moto. Mbovu inabaki kuwa kipande chekundu. Mwenye duka akikukatalia kuijaribu, nenda duka jingine.

Rangi si pambo. Nyeupe mbele, nyekundu nyuma, ya manjano kwenye pedali na kwenye spoku. Dereva akiona nyekundu anajua anakufuata, akiona nyeupe anajua mnakutana. Nimeona vijana wametia nyekundu mbele kwa sababu inapendeza, tafadhali zitoeni.

Ukiwa na pesa za kununua kitu kimoja tu zaidi ya ile ya nyuma, nunua pedali zenye riflekta. Nasema hivi kwa moyo wangu wote. Kitu chekundu kilichotulia gizani chaweza kuwa nguzo, chaweza kuwa lori lililoegeshwa. Lakini vimwanga viwili vinavyopanda na kushuka kwa zamu ni miguu ya mtu, na dereva anatambua hivyo mara moja. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde, basi sekunde moja ya kushangaa ni nyingi mno.

Halafu kuna ule mkanda wa malori, mwekundu na mweupe, unaouona kwenye matrela ya bandarini. Unauzwa kwa vipande. Safisha chuma kwa spiriti, kikauke, ndipo ubandike, la sivyo utabanduka mvua za masika zikianza. Mimi nimeuzungusha kwenye foku na miguu ya keria, na zaidi ya yote nimeubandika kwenye kreti yenyewe, kwa sababu mzigo ndio unaoficha kila kitu. Anayebeba magunia au madafu na afikirie hilo kabla ya jingine lolote.

Jaketi? Vaa, ila ujue ile rangi ya kijani kali inasaidia mchana na jioni. Usiku kinachowaka ni ile mistari ya fedha, na begi la mgongoni likiifunika hujavaa kitu.

Chumvi ya bahari nayo inakula vyuma vyetu. Tumia nati zisizoshika kutu, au kamba za plastiki za kufungia nyaya. Pangusa riflekta kwa kitambaa chenye maji kila wiki. Vumbi la Kibarani pekee linatosha kuizima.

Lakini riflekta haikusaidii mbele ya gari lisilo na taa, wala kwa tuktuk inayochomoza kutoka kichochoroni, kwa kuwa taa zake bado hazijakumulika. Kwa hiyo nimetia pia taa nyekundu ya betri nyuma. Riflekta yenyewe haimalizi chaji, nayo ndiyo inayobaki taa ikizima njiani.

Jana usiku nilipakia kreti kama ninavyopakia kila siku, nikampa mtoto wa kaka yangu simu, nikamwambia asimame mwisho wa uchochoro aimulike baiskeli. "Kulia kunawaka, ami," akaniita. "Kushoto hakuna kitu." Nikaenda kutazama. Ncha ya kamba ya mpira ilikuwa imening'inia juu ya mkanda. Nikaikata.