Unakwenda kufungwa mpira wa bawasiri? Anza kwa kulainisha choo

Bawasiri ya ndani inayotoa damu au kuchomoza ukijisaidia mara nyingi hutibiwa kliniki kwa mpira, na siku hiyohiyo unarudi nyumbani. Daktari huingiza bomba fupi kwenye njia ya haja kubwa, hukivuta kinyama cha bawasiri na kukivisha kipete cha mpira shingoni. Kikikosa damu hunyauka, kisha hudondoka chenyewe, kwa kawaida baada ya siku 5 hadi 10. Kwa kuwa hakuna nusu kaputi, kula kama kawaida, isipokuwa umeelekezwa vingine.

Kazi kubwa ni choo, na ianze wiki moja kabla. Choo kigumu hukulazimisha kukamua, na kukamua kunaweza kung'oa mpira mapema, damu ikatoka kwa wingi. Badili sembe kwa dona, ongeza maharage, mchicha na papai, kunywa maji kama lita 2 kwa siku. Ukitumia isabgoli (unga wa maganda ya mbegu wa kulainisha choo), kijiko cha chai kimoja kiende na glasi nzima ya maji. Bila maji ya kutosha unga huo huvimba na kuziba, ukafunga choo badala ya kukilainisha.

Andika dawa zako zote kwenye karatasi, hata za mitishamba. Dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, klopidogreli na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu, lakini usiziache kienyeji: aliyekuandikia ndiye aamue. Taja pia mzio wa mpira (wa glavu au puto), ujauzito, na ugonjwa wowote unaopunguza kinga.

Siku yenyewe jisaidie kabla ya kutoka nyumbani. Vituo vingine hukupa enema (dawa ya maji ya kusafisha utumbo kupitia njia ya haja kubwa) palepale. Usijipige mwenyewe bila kuagizwa. Beba pedi, vaa nguo pana. Utalala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mpira ukifungwa unatakiwa uhisi mbano tu. Maumivu makali papo hapo maana yake umefungwa chini mno, kwenye ngozi yenye mishipa ya fahamu. Sema hapohapo, uondolewe; huo si wakati wa kujikaza kiume.

Linalowaponza wengi ni lile la jioni yake: unahisi haja kubwa imekubana, ukienda hakitoki kitu. Ni mpira na uvimbe vinavyodanganya utumbo. Usikae chooni ukikamua. Kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15. Chumvi si lazima. Kwa maumivu meza parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni huchochea kutoka damu, na tramado hufunga choo.

Damu kidogo siku ya kwanza, na tena kinyama kinapodondoka, ni ya kawaida. Ndiyo maana safari ndefu ya basi iahirishwe wiki 2, usije ukatokwa na damu porini. Mabonge ya damu, kizunguzungu, homa, maumivu yanayozidi au mkojo kugoma: nenda hospitali usiku huohuo, usisubiri tarehe ya kliniki.