Mwaka Mzima Nikinunua Batri Zisizo na Kosa

Juzi msomaji mmoja wa Goma, mwenye boti ya abiria na mizigo, ameniandikia: "Papa, batri nzuri ya boti ni ya aina gani? Zangu zinakufa kila miezi sita." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo ndilo nililokuwa nalo mimi kabla ya usiku ule wa Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu.

Ilikuwa mwezi wa saba, na upepo wa kiangazi ulikuwa umeanza kuchafua ziwa. Nilikuwa narudi Bukavu na akina mama wanne na mananasi yao. Kusini mwa kisiwa tukamshusha kijana mmoja, nikazima injini, tukapokea pesa, tukapiga stori kidogo. Giza likatukuta palepale. Nageuza ufunguo: tik. Narudia: tik. Basi. Kamba ya kuwashia kwa mkono ilikuwa imekatika tangu Pasaka, na kila siku nilijiambia, ya nini, nina batri mpya. Batri yenyewe ilikuwa na wiki tatu, ya pili kununua mwaka ule.

Nikaanza kumtukana muuzaji. Mama mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, akauliza kwa upole: "Na taa ya mbele inawaka vizuri hivi, wewe unasema batri imekufa?" Nikamjibu vibaya. Nikamwambia auze mananasi, umeme aniachie mimi.

Waliotuokoa ni wavuvi wa sambaza, vile visamaki vidogo, wale wa mitumbwi mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu, taa zikining'inia juu ya maji. Walituvuta taratibu, wanapiga kasia na kuimba kana kwamba wanatupeleka kuzikwa. Kijana wao mmoja akamulika ndani ya sanduku langu, akaangalia sana, akauliza: "Papa, hii batri unapimaka?" Sikujibu. Yeye batri yake ya taa ameikalisha kwenye sanduku la mbao, vichwa vimepakwa grisi, nyaya zimefungwa zisicheze. Mtoto wa miaka ishirini hivi!

Asubuhi nikaazima kipimo cha volti. Batri imepumzika usiku kucha, inasoma 12.7. Imejaa kabisa. Hapo jasho likanitoka. Nikamwambia mwanangu ageuze ufunguo, mimi nimeshika ncha za kipimo. Kwenye vichwa vyenyewe vya risasi, 11 na kitu. Nikasogeza ncha moja kidole kimoja tu, kutoka kichwa cha hasi hadi kwenye kosi, kile kibano cha waya kinachokishika, na kipimo kikashuka chini ya 9. Volti mbili na zaidi zilikuwa zinapotelea pale, katikati ya vyuma viwili vinavyogusana! Nikafungua kosi: kwa ndani kuna unga mweupe, waya umegeuka kijani kama majani ya sombe. Taa hunywa umeme kidogo sana, kwa hiyo ilipita kwenye uchafu ule bila shida. Starta, mota ya kuwashia injini, inataka umeme mwingi kwa mara moja, ikakwama. Yule mama alikuwa amesema kweli.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Goma, kabla ya kuuliza aina, pima. Ukigeuza ufunguo na batri yenyewe ikabaki juu ya 10 huku upande wa injini unaanguka, usiende sokoni, fuata njia ya waya. Fungua kosi, ukianza na hasi (wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho), zioshe kwa maji ya moto yenye bikabonati, lakini yasiingie ndani ya batri. Sugua mpaka risasi ing'ae, kausha, kaza, ndipo upake grisi. Waya uliokwisha kuwa kijani ndani ya ganda lake ukate, usiuonee huruma.

Lakini pia kuna batri zinazouawa kweli, na muuaji mara nyingi ni sisi. Batri ya gari imetengenezwa kuwasha injini tu. Ukiiwekea taa, redio na simu za abiria usiku kucha, itakufa. Ikishuka 12.2 ikiwa imepumzika, imebaki nusu. Irudishe kwenye chaji siku hiyohiyo, maana ikilala na njaa huota ukoko kwenye sahani zake za risasi na haitajaa tena. Mimi sasa nina mbili: moja ya injini peke yake, nyingine ya taa, na paneli ndogo ya jua yenye kidhibiti chake.

Na maji. Zile za kuongezewa maji, weka maji yaliyochemshwa yakawa mvuke yakakusanywa, yale ya chupa ya fundi. Niliwahi kuweka ya ziwa, nikajisifu kuwa nimeokoa pesa. Maji ya Kivu yamejaa madini, yaliila batri ile mapema. Sanduku nalo liwe na matundu, maana batri ikichajiwa hutoa hewa inayolipuka. Fizibo (wengine mnaiita fyuzi) ikae karibu kabisa na batri, na ikikatika tafuteni sababu. Msiweke mahali pake karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Mnajijua, na mimi nilikuwa mmoja wenu, na mnabeba watoto wa watu.

Yule mama hapandi tena kwangu. Nilimwomba radhi pale bandarini, akaitikia vizuri tu, akaenda kwenye boti ya jirani. Wiki iliyopita walikuwa wanaondoka, akanipungia mkono. Jirani akageuza ufunguo. Kutoka kwangu nilisikia: tik. Tik. Ya tatu ndiyo ikawaka.