Bibi Shamba Anajibu: Mboga na Maua Uwanja Mmoja

Barua nyingi zinazofika kwenye safu hii huuliza jina la dawa. Safari hii tumechagua sita, na hakuna hata moja ambayo jibu lake linapatikana kwenye chupa ya dukani.

Bibi shamba, shikamoo. Tumehamia nyumba yetu mpya na mbele ya baraza kuna eneo la mita 6 kwa 4, mchanga mtupu. Mimi nataka mboga, mwenzangu anataka maua. Anasema mchicha mbele ya nyumba ni ushamba. Tufanyeje? (Msomaji, Kigamboni)

Marahaba. Wote wawili mtapata. Ila kabla ya kununua mbegu, kumbukeni mafundi walikorogea wapi zege. Mara nyingi ni hapo hapo mbele. Saruji na chokaa vikibaki udongoni, mimea hushindwa kufyonza madini ya chuma: majani machanga yanageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani, na mbolea mtakayoongeza haisaidii kitu. Chimbeni sehemu hiyo kina cha jembe, toeni kifusi chote, jazeni udongo mwingine.

Sasa gaweni uwanja. Nachukulia kwamba mita 6 ndizo zinazofuata barabara. Kuanzia barabarani weka ukanda wa maua wa sentimita 50, njia ya sentimita 40, tuta la mita 1, njia nyingine ya sentimita 40, tuta la pili la mita 1, na sentimita 70 zilizobaki ziwe njia ya kando ya baraza. Hapo chini ya ukingo wa bati msipande kitu; mvua ya masika ikishuka huchimbua miche yote. Tuta lisizidi mita 1 kwa upana ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila mtu kukanyaga ndani.

Mchanga wenu haushiki maji wala mbolea, kwa hiyo msibanie samadi. Wekeni ya ng'ombe iliyooza, debe moja kwa kila mita ya mraba. Matuta mawili na ukanda wa maua ni mita za mraba 15, basi ni madebe 15, yachanganywe hadi kina cha sentimita 20 au 25. Samadi iliyoiva haina harufu kali, haina joto ukiingiza mkono ndani, na hupukutika. Ya kuku ni kali zaidi: theluthi ya kiasi hicho inatosha, nayo irundikwe na kunyunyiziwa maji wiki 6 hivi kwanza, la sivyo inaunguza mizizi. Kwenye joto la Pwani samadi huisha upesi. Kila mnapovuna tuta, rudishieni nusu debe kwa mita ya mraba.

Ukanda wa barabarani pandeni zinia, mistari miwili kwa zigizaga, sentimita 30 kati ya mche na mche. Miche 40 inatosha. Kutoka mbegu hadi ua ni kama miezi miwili, na kadiri mnavyokata maua ya mezani ndivyo mche unavyotoa mengine. Mboga nazo zina sura zake: mchicha mwekundu, spinachi ya vikonyo vya rangi, hoho, na bamia, ambayo ua lake la manjano lenye kitovu cha zambarau iliyokoza sioni la kulishinda. Bamia hurefuka, basi ikae upande wa magharibi ilichuje jua la saa tisa kabla halijafika kwenye mboga za majani. (Vitabu vya Ulaya husema mimea mirefu iwekwe kaskazini, kwa kuwa huko jua huelekea kusini mwaka mzima. Kwetu linahama: Juni liko kaskazini, Desemba kusini. Ushauri huo tuwaachie wenyewe.) Kona nne za matuta pandeni mrehani kwa ajili ya nyuki.

Kinachofanya bustani ya mboga ionekane shamba ni kuvuna tuta zima kwa mpigo na kuliacha kipara. Gaweni tuta vipande vitatu vya mita 2, msie mchicha kipande kimoja kila baada ya siku 10. Wa kung'oa huwa tayari wiki ya tatu au ya nne, kwa hiyo mkishasia cha tatu, cha kwanza kinakaribia kuvunwa.

Nyanya zangu zikianza tu kuzaa, mche unanyauka ghafla ukiwa bado kijani. Duka la pembejeo walinipa dawa ya ukungu. Nimepuliza na kurudia, bado inakufa mmoja mmoja. Nibadilishe dawa? (Msomaji, Morogoro)

Acha kupuliza, tupime kwanza. Kipimo ni glasi ya maji. Chagua mche ulionyauka leo, si uliokwisha kukauka. Kata shina sentimita chache juu ya ardhi, chukua kipande cha urefu wa kidole, kining'inize ili ncha iliyokatwa iingie kidogo kwenye maji maangavu, na usitikise. Tazama kuelekea kwenye mwanga. Zikishuka nyuzi nyeupe za ute ndani ya dakika chache, zikijipinda polepole kama moshi wa udi, huo ni mnyauko wa bakteria. Nyuzi hizo ni bakteria wenyewe. Wameziba mirija ya maji, ndiyo maana mche unanyauka udongo ukiwa umelowa. Dawa ya ukungu haiwaui, na hakuna ya kupuliza inayowafikia humo ndani.

Zisiposhuka, pasua shina kwa urefu. Michirizi ya kahawia ndani, pamoja na majani yaliyoanza kuwa njano kutoka chini na pengine upande mmoja tu, ni mnyauko wa fuzari. Huo kweli ni ukungu, lakini unakaa udongoni, na kinga yake ni mbegu: tafuta pakiti yenye herufi F katika alama za ukinzani. Herufi N ni ya minyoo fundo, ambao utawajua kwa vinundu kwenye mizizi.

Kwa ulivyoeleza, nashuku bakteria. Ng'oa mche pamoja na udongo wa mizizi yake, ubebe kwenye mfuko, uchome. Usiutie kwenye mboji. Osha jembe na viatu kwa sabuni. Maji yasitiririke kutoka shimo hilo kwenda kwa mche wa pili, maana ndivyo ugonjwa unavyotembea. Kisha hapo pasipandwe nyanya, nyanya chungu, biringanya, hoho, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka 3 angalau. Mnavu ni wa ukoo huo huo, hata unaojiotea wenyewe, ung'oe. Panda mahindi, vitunguu au kabichi.

Nyanya za kula nyumbani zihamishie kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini na kuinuliwa juu ya matofali. Changanya sehemu 2 za udongo wa mahali pasipowahi kuwa na nyanya, 1 ya samadi iliyooza na 1 ya mchanga. Ndoo moja, mche mmoja, maji lita 1 hadi 2 kila asubuhi bila kuruka. Ukiruka siku mbili kisha ukafurisha, matunda yanapasuka au yanapata kitako cheusi. Hicho wengi hukidhania ugonjwa. Ni tunda kukosa kalsiamu, nayo husafiri na maji tu.

Nikutahadharishe na ushauri mmoja unaozunguka sana, kwamba miche michache ya merigoldi kati ya nyanya hufukuza minyoo fundo. Michache haitoshi. Inayofanya kazi ni kujaza tuta zima merigoldi miezi 3 hivi, kisha kuifukia. Mtu aliyekuwa akitafuta kisingizio cha tuta la maua matupu amekipata.

Kisima chetu kina maji ya chumvi. Kingo za majani ya vitunguu na maharage zinaungua. Jirani ananiambia nitie majivu. (Msomaji, Tanga)

Usitie. Majivu yenyewe yana chumvi nyingi. Unaongeza ulicho nacho tayari. Ukimwagia kidogo kidogo, maji yanakuwa mvuke, chumvi inabaki juu, na mwishowe utaona utando mweupe. Mwagia mara chache lakini kwa wingi, keni moja ya lita 10 kwa mita ya mraba, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Lenga udongo, si majani. Funika tuta kwa nyasi kavu kupunguza mvuke.

Kinga maji ya mvua. Milimita 1 ya mvua kwenye mita ya mraba ya bati ni lita 1, kwa hiyo mvua ya milimita 20 juu ya bati la mita za mraba 30 ni kama lita 600. Hayo yaweke kwa ajili ya vitalu na miche michanga, maana utotoni ndipo mimea inapoumizwa zaidi na chumvi. Karoti, vitunguu, maharage na waridi havivumilii. Spinachi, mchicha na bogenvilia vinajitahidi.

Mwasumini wangu nautilia samadi ya kuku. Umestawi, majani tele, maua hakuna. (Msomaji, Unguja)

Unaulisha kupita kiasi. Samadi ya kuku huleta majani kwa sababu ya naitrojeni nyingi. Isimamishe miezi kadhaa. Hakikisha mti unapata jua saa 6 kwa siku. Kisha pogoa theluthi ya kila tawi, kwa kuwa maua hutoka kwenye ncha za matawi mapya. Rudia baada ya kila mkupuo wa maua. Vitumba vya kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, vichumwe jioni kabla havijafunguka.

Mchicha nasia, unaota kwa mafungu, kwingine patupu. (Msomaji, Dodoma)

Mbegu zimezama, zimesombwa na maji, au zimebebwa na sisimizi. Changanya mbegu na mchanga mkavu mara kumi ya ujazo wake, sia kwenye mifereji isiyozidi kina cha sentimita 1, mistari iachane sentimita 20, funika kwa nyasi, mwagia kwa keni yenye kichujio. Nyasi ziondolewe mara miche ikichomoza. Ukichelewa inarefuka na kulala. Kwa Dodoma usiinue tuta. Lichimbe liwe chini ya usawa wa ardhi, kama jaruba, maji yabaki.

Sukuma wiki imejaa vidukari. Nimepuliza sabuni ya unga, majani yameungua. (Msomaji, Arusha)

Sabuni ya unga ni kali kwa majani. Tumia sabuni ya maji ya vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita 1, puliza jioni chini ya majani walikojificha, suuza kwa maji asubuhi, rudia baada ya siku 4 au 5. Wasipopungua, twanga gramu 50 za mbegu za mwarobaini kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja, puliza jioni. Tafuta pia kichuguu cha sisimizi: wao huwalinda vidukari kwa ajili ya utomvu mtamu wanaotoa. Majani yaliyojikunja kabisa yakate, uwape kuku.